Nyuki wakitua mtaani, usikimbilie petroli

Alasiri moja walifika katika kliniki yangu wagonjwa watatu kutoka mtaa mmoja wa hapa Nairobi. Wa kwanza alikuwa kijana aliyeungua mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Wa pili alikuwa mama wa makamo ambaye uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Tulimtoa miiba ya nyuki zaidi ya 30. Wa tatu alikuwa mlinzi wa lango, aliyekuwa akikohoa na kutokwa na machozi na mate kwa sababu ya kuvuta dawa ya kuua wadudu.

Nilipowauliza kilichotokea, hadithi yao ilikuwa moja. Kundi la nyuki lilikuwa limetua asubuhi juu ya mti wa jakaranda karibu na lango. Mpaka saa nane mchana nyuki hao hawakuwa wamemwuma mtu yeyote. Ndipo wakazi wakachanga pesa, petroli ikanunuliwa, na mlinzi akaambiwa apulize dawa huku kijana akiwasha moto. Yaliyofuata nimekwisha kuyaeleza.

Watu hawa hawakuletwa hospitalini na nyuki, bali na woga na haraka. Wote watatu walipona. Hata hivyo, kila kundi linaloteketezwa namna hii huacha hasara nyingine ambayo haionekani siku hiyo, nayo ni hasara ya chakula na afya. Wiki hii ningependa kueleza jinsi nyuki na wadudu wenzao wanavyohusika na afya yako, na jinsi unavyoweza kuishi nao mjini bila kudhurika.

Nyuki na sahani yako

Mimea mingi haiwezi kuzaa matunda au mbegu mpaka unga laini wa manjano, uitwao chavua, utolewe katika sehemu ya kiume ya ua na kufikishwa kwenye sehemu ya kike. Kazi hii huitwa uchavushaji. Mahindi, ngano na mpunga hufanya kazi hii kwa msaada wa upepo, au ua hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo hata nyuki wote wakitoweka, ugali na chapati vitakuwapo.

Lakini fikiria kile kinacholiwa pamoja na ugali huo. Maboga, matikitimaji na matango huwa na maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na pasipo mdudu wa kubeba chavua hayapati tunda. Tango unaloliona sokoni likiwa limepinda na kusinyaa upande mmoja mara nyingi ni tango ambalo ua lake halikupata chavua ya kutosha. Maembe, maparachichi na matunda ya pasheni hutegemea wadudu pia. Sukuma wiki tunakula majani yake, ni kweli, lakini mbegu ambayo mkulima anainunua ili aipande hutokana na maua yaliyotembelewa na wadudu. Ndivyo ilivyo pia kwa karoti na vitunguu.

Vyakula hivi ndivyo vinavyotupatia sehemu kubwa ya vitamini A na vitamini C. Vitamini A hulinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi kama surua na kuhara. Vitamini C huimarisha ufizi, husaidia vidonda kupona na huuwezesha mwili kutumia madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Mtu anayekula ugali na mchuzi mtupu kila siku anaweza kushiba na hata kunenepa, ilhali mwili wake una njaa ya virutubisho hivi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Ulaji wa kutosha wa vyakula hivi hupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na aina fulani za saratani. Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani walikadiria kwamba dunia hupoteza kati ya asilimia 3 na 5 ya matunda, mboga na njugu kwa sababu wadudu wanaochavusha hawatoshi. Kwa makadirio yao, upungufu huo husababisha vifo vipatavyo 427,000 kila mwaka, hasa kutokana na maradhi hayo niliyoyataja. Matunda yakiadimika, bei hupanda, na mwenye kipato kidogo ndiye anayeacha kuyanunua kwanza.

Si nyuki wa asali peke yake

Tunapotaja uchavushaji, watu wengi humfikiria nyuki wa asali tu. Ukweli ni kwamba ana wenzake wengi. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa matundu katika mbao za paa na nguzo za ua, ambao wengi wetu huwafukuza kwa fagio, ndio wachavushaji wakuu wa matunda ya pasheni. Ua la pasheni ni kubwa, na nyuki mdogo huweza kuingia na kutoka bila kugusa sehemu zinazohitajika.

Nyanya na biringanya nazo zina siri yao. Chavua yao imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo. Baadhi ya nyuki wa porini hulishika ua na kutetemesha misuli ya mabawa kwa nguvu mpaka chavua imwagike kama chumvi kutoka kwenye chupa. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo. Nzi wa aina mbalimbali hutembelea maua ya miembe. Nondo wakubwa warukao jioni huchavusha mipapai, na popo hutembelea maua ya mibuyu ya Pwani yafunguapo usiku.

Mwaka 2016, jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe na mazingira lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba aina tatu kati ya kila nne za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wanyama hawa kwa kiasi fulani. Ripoti hiyo ilitaja mambo yanayowaangamiza: kupotea kwa makao yao, dawa za kuua wadudu, magonjwa, na mabadiliko ya hali ya hewa.

Sisi wa mijini tunahusika na mawili ya kwanza moja kwa moja. Tunafyeka kila kichaka, tunafunika ua wote kwa saruji au kabro, na kunyunyiza dawa kila tuonapo kitu kinachotambaa. Tusisahau kwamba nyuki wengi wa porini hawaishi katika mizinga. Hujichimbia vishimo katika udongo ulio wazi, au hukaa ndani ya mianzi na mbao kavu. Penye kabro kutoka ukuta hadi ukuta, hawana pa kuzalia.

Nyuki wakitua mtaani

Kundi lililotua mtini kwa kawaida si kundi lililokuja kushambulia. Nyuki wanapozidi katika mzinga, malkia wa zamani huondoka na sehemu ya watoto wake kutafuta makao mapya. Kabla ya kuondoka, hujaza matumbo asali ya safari. Wakiwa wametua, huwa hawana masega wala watoto wa kulinda, na kwa hiyo huwa watulivu. Wachache hutumwa kutafuta mahali pa kuishi, na wakipapata, kundi lote huondoka. Huenda wakakaa saa chache au siku mbili tatu.

Kitu cha kufanya ni kidogo. Waweke watoto na mifugo mbali, waonye wapita njia, funga madirisha yaliyo karibu, na uzime mashine zenye kelele kama za kukatia nyasi. Usirushe mawe, usimwage maji, usiwashe moto. Wasipoondoka, au wakianza kuingia katika dari ya nyumba, mwite mfugaji nyuki. Atakuja jioni au usiku akiwa na mavazi yake na kuwahamishia mzingani. Nyuki waliokwisha kujenga masega ndani ya dari ni wakali zaidi kuliko wale walio mtini, na hiyo si kazi ya kumpa kijana wa mtaani kwa ahadi ya shilingi mia tano.

Ningeshauri kila chama cha wakazi kitafute nambari ya simu ya mfugaji nyuki mapema na kuibandika langoni, karibu na ile ya polisi na ya ambulensi. Maofisa wa mifugo wa kaunti wanaweza kukuelekeza kwa wafugaji walio karibu nawe.

Ukiumwa na nyuki

Simwambii msomaji kwamba nyuki hawana madhara. Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kukasirika, na wakikasirika huja wengi. Nyuki mmoja anapouma hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Kwa hiyo usisimame ukiwapiga kwa mikono. Funika uso kwa shati au shuka, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari, na ufunge mlango. Usirukie majini, kwani watakusubiri juu.

Ukifika mahali salama, toa miiba upesi. Mwiba wa nyuki wa asali hubaki katika ngozi pamoja na kifuko cha sumu, nacho huendelea kusukuma sumu mwilini. Kwangua kwa ukucha au ung'oe kwa vidole. Kilicho muhimu ni haraka, si ufundi. Kisha osha kwa maji na sabuni, na uweke kitambaa kilichochovywa katika maji baridi. Uvimbe na mwasho wa siku mbili tatu ni jambo la kawaida. Hakuna haja ya kupaka mafuta ya taa.

Zipo hali mbili ambazo hazingoji. Ya kwanza ni mzio mkali. Mtu mwenye mzio anaweza kuzidiwa na mwiba mmoja tu. Dalili zake huanza kwa kawaida katika dakika chache hadi saa moja: vipele mwili mzima, midomo na ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu au kuzimia. Mlaze chini miguu ikiwa imeinuliwa, au umketishe kama anashindwa kupumua, na umkimbize hospitalini mara moja. Huko atadungwa sindano ya adrenalini pajani, na sindano hiyo huokoa maisha. Aliyewahi kupatwa na hali hii amweleze daktari wake ili apangiwe namna ya kujikinga siku za usoni.

Hali ya pili ni kuumwa na nyuki wengi kwa pamoja. Sumu ikizidi huharibu misuli na figo, na madhara huweza kuchelewa kuonekana. Mtu mzima aliyeumwa mara makumi kadhaa, mzee, au mtoto hata akiwa ameumwa mara chache kuliko hizo, ni lazima aonwe na daktari hata kama anajisikia vizuri.

Mambo unayoweza kufanya

Kwanza, punguza dawa za kuua wadudu nyumbani na bustanini. Dawa inayomwua nyuki haina urafiki na mapafu ya mtoto wako. Ikiwa huna budi kuitumia, fuata maagizo ya kibandiko, usinyunyize mimea iliyochanua, na fanya hivyo jioni baada ya nyuki kurudi kwao.

Pili, panda maua. Hata mwenye roshani tu katika ghorofa ya nne anaweza kuotesha mrihani, dania au alizeti katika mkebe. Acha baadhi ya dania na sukuma wiki zichanue badala ya kuzing'oa mara zinapokomaa.

Tatu, acha sehemu ndogo ya udongo bila saruji, na kipande cha gogo kavu mahali ambapo hakitamzuia mtu. Weka sahani ya maji yenye kokoto ili nyuki wapate pa kusimama wanywapo. Maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila siku, tusije tukafuga mbu kwa kisingizio cha kufuga nyuki.

Nne, waelezeni watoto. Mtoto anayejua kwamba nyuki aliye juu ya ua yumo kazini na hana haja naye, hatamrushia jiwe. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 20 Mei ya kila mwaka kuwa Siku ya Nyuki Duniani, na siku hiyo inaweza kutumiwa vyema na walimu.

Kijana yule aliyeungua alirudi kwangu mara kadhaa kubadilishiwa bendeji. Matibabu yake yaligharimu pesa nyingi kuliko ambazo mfugaji nyuki angedai. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa kinga yenyewe ilikuwa kuwaacha nyuki watulie mtini, kufunga madirisha na kupiga simu.