Kutengeneza nyumba upande wa chini: karatasi za kuomba na masikilizano na fundi

Ukipita Mutarule, Luberizi ao Sange nyuma ya mvua kubwa, angalia nyumba upande wa chini. Lipu imeanguka, tofali za mstari wa kwanza zimelika, na pembeni kuna ufa unaopanda mpaka dirishani. Uvira mjini shida iko na sura ingine: wanaoishi karibu na ziwa wanapandisha sakafu, na wanaoishi mlimani wanachimba chumba chini ya nyumba ili wapate depo ao nafasi ya kupangisha.

Kazi hizi tatu zinafanana kwa jambo moja: zinagusa sehemu inayobeba nyumba yote. Ndiyo maana zinaomba mambo mawili ambayo wengi wetu tunayaruka: karatasi mbele ya kazi, na masikilizano ya maandishi na fundi. Anayeyaruka anaweza kupoteza pesa ya miaka mingi, na saa ingine nyumba yenyewe.

Kwanza ujue maji yanatokea wapi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa nyumba zetu, kuziba ufa kwa lipu mpya hakutoshi kama msingi chini unaendelea kuzama. Ufa utarudi mvua ya kwanza.

Maji yanaingia kwa njia tatu. Yanatoka juu, kwa bati fupi linalomwaga mvua karibu na ukuta. Yanapita pembeni, kwa mfereji uliozibika ao wa jirani anayeelekeza maji kwako. Tena yanapanda kutoka chini: udongo unafyonza maji, tofali nalo linayafyonza kutoka kwa udongo, sawa kitambaa kilichotiwa ncha ndani ya maji. Kwa nyumba ya tofali mbichi, hii njia ya tatu ndiyo inayoua polepole. Na huku bondeni la Ruzizi, kuna pahali udongo mweusi unapasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, kwa hiyo msingi mfupi unatikiswa kila mwaka.

Kumbuka pia tunaishi mahali gani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilifurika, ikaua watu na kubomoa nyumba nyingi sana. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia ndani ya makartie ya pembeni ya ziwa. Tena ardhi yetu inatetemeka: tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2005 tetemeko lilipiga upande wa ziwa na kuharibu nyumba Kalemie, na tarehe 3 mwezi wa pili 2008 lingine likapiga Bukavu. Nyumba iliyochimbwa vibaya chini ndiyo inaanguka ya kwanza.

Kama unataka chumba cha chini, fanya kwanza jaribio lisilo na bei kubwa. Wakati wa mvua, chimba shimo moja mbali kidogo na nyumba, lenye urefu wa chumba unachotaka. Lifunike watoto wasianguke, uliache siku kadhaa. Maji yakionekana chini, usiendelee. Hakuna sima itakayoshindana na maji hayo miaka yote, na karibu na choo cha shimo maji hayo yanakuja na magonjwa. Pale bondeni, afadhali kupanua nyumba pembeni ao kupandisha sakafu.

Karatasi: ya kiwanja na ya kazi

Watu wengi wanachanganya karatasi mbili. Ya kwanza inasema kiwanja ni cha nani. Ya pili inaruhusu kazi. Kuwa na moja hakukupi ingine.

Kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, udongo wote wa Kongo ni wa Leta. Raia anapewa haki ya kuutumikisha. Haki hiyo inakamilika kwa setifika ya kuandikisha, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Karatasi ya chefu wa kijiji, ile ya kuuziana mbele ya mashahidi, inasaidia kuonyesha ginsi ulivyopata kiwanja, lakini haichukui nafasi ya setifika. Mu kijiji wengi wetu tuko na ile ya chefu tu. Usiidharau, lakini usitie pesa nyingi chini ya nyumba kama mipaka ya kiwanja ingali na maneno. Maliza kwanza maneno ya mipaka.

Karatasi ya pili ni ruhusa ya kujenga. Amri ya waziri ya mwaka 2013 ndiyo inapanga ginsi ruhusa hiyo inatolewa. Kupaka rangi, kubadilisha mlango ao kurudishia lipu ni kazi ndogo. Lakini ukigusa ukuta unaobeba, ukiongeza chumba ao ukichimba chini ya nyumba, uliza mbele ya kuanza. Njia ni hii:

1. Enda kwa chefu wa kijiji ao wa kartie. Mueleze kazi, na umuombe akujulishe ni ofisi gani ya urbanisme na makao inayohusika na eneo lenu.
2. Peleka barua ya kuomba, kopi ya karatasi ya kiwanja, na mchoro wa nyumba unaoonyesha ilivyo leo na itakavyokuwa.
3. Omba ajenti aje kuona mahali kwa macho yake. Kama kiwanja kiko pembeni ya mto, ziwa ao korongo, muulize wazi kama panaruhusiwa kujenga.
4. Pesa ya Leta isitolewe mkononi. Omba notu inayoandika kiasi na sababu, lipa pale inapoonyesha, na ubaki na risiti.
5. Usianze kazi kwa neno la mdomo. «Anza tu, karatasi itakuja» haitakusaidia siku ajenti mwingine atakapokuja kusimamisha shantie.

Jambo moja lieleweke vizuri: ruhusa haizuii maji. Mtu anaweza kuwa na karatasi zote na nyumba yake ikachukuliwa kwa sababu imekaa ndani ya njia ya mto. Ajenti akikukatalia mahali kama hapo, si kila mara anatafuta rushwa. Muombe aandike sababu.

Jirani naye asisahauliwe. Ukichimba karibu na mpaka wake, ukuta wake unaweza kupasuka. Muite, onyesheni pamoja nyufa zilizoko tayari, pigeni picha, na muandike mbele ya chefu. Karatasi hiyo ndogo inazuia kesi kubwa.

Fundi: muangalie mbele ya kumupa pesa

Usimuulize fundi kama anajua kazi. Kila fundi anajua. Muombe akupeleke kwa nyumba mbili alizotengeneza upande wa chini, ambazo zimepita misimu miwili ya mvua. Zungumza na mwenye nyumba fundi akiwa mbali kidogo: kazi ilimalizika siku waliyosikilizana? Aliongeza bei njiani? Ufa ulirudi?

Kisha omba devi, na iandikwe kwa sehemu tatu: vifaa, usafirishaji, na mikono. Bei moja ya jumla inaficha mengi. Ukiweza, omba devi kwa mafundi wawili. Kama mmoja yuko chini sana, uliza ameondoa kitu gani. Mara nyingi ni sima ao vyuma.

Vifaa, nunua mwenyewe ao utume mtu wa nyumba. Mfuko wa sima una kilo 50. Uguse: kama ndani kuna mabonge magumu, sima imekwisha kufa. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa betoni ya msingi, kipimo kinachojulikana ni kimoja cha sima, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Mfuko mmoja unajaza karibu litre 35, kwa hiyo kwa ndoo ya litre 20 unahesabu ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Fundi akiweka ndoo kumi na tano za mchanga kwa mfuko mmoja, anajenga kwa vumbi. Betoni ikishakaa, inamwagiwa maji kwa siku saba. Kazi hiyo watoto wanaweza kuifanya, na haiombi pesa.

Kwa msingi wa nyumba inayosimama, sheria ya mafundi wazuri ni moja: usifungue upande mzima. Unachimba kipande kisichopita metre moja, unajenga, unaacha kikauke. Kipande kinachokifuata hakifunguliwi. Unaruka kwenda mbali, kisha unarudi. Ukuta unasaidiwa na miti ya kuegemeza. Siku ya kuchimba, watu wasilale ndani ya chumba hicho. Fundi anayesema atafungua upande wote kwa siku moja ili amalize mbio, mushukuru, umuache aende.

Masikilizano: yaandikwe, yalipwe kwa hatua

Neno linalopoteza pesa nyingi ni hili: «Lete kwanza yote, ninunue vifaa vyote mara moja, bei isipande.» Avansi kubwa inamfanya fundi afunguwe shantie ingine kwa pesa yako. Lipa kwa hatua. Tuseme mikono ni dola 300:

- 60 siku ya kuanza;
- 90 msingi ukiwa umemalizika na umeuangalia mbele haujafunikwa;
- 90 ukuta na sakafu vikimalizika;
- 60 mwisho, nyuma ya mvua moja kubwa ao siku 30, kama hakuna ufa wala maji.

Hizo 60 za mwisho ndizo zinamrudisha fundi kusahihisha. Bila hizo, simu yake haitapatikana.

Karatasi ya masikilizano iandike majina ya pande mbili, kazi gani, siku ya kuanza na ya kumaliza, bei, hatua za kulipa, nani ananunua vifaa, na nani anatunza mtu akiumia. Iandike pia kama ni dola ao franka, na kwa bei gani ya kubadilisha. Mashahidi wawili, kopi mbili, kila malipo na sahihi. Kazi ikibadilika njiani, andikeni mstari mpya mbele ya kuendelea.

Karatasi hiyo ina nguvu. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali inatumika, inasema masikilizano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa walioyafanya. Tena inamuweka mwenye kujenga kwa bei ya jumla chini ya jukumu la miaka kumi kama jengo linaanguka kwa sababu ya ujenzi mbaya. Kukiwa na ugomvi, anzeni kwa chefu ao wazee. Mkishindwa, kuna tribinali ya amani Uvira. Kule hawatauliza nani alipiga kelele sana, watauliza karatasi.

Mama wa nyumba aweke sahihi pia. Tangu sheria ya familia ilipobadilishwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili afanye mkataba. Na kama pesa ni ya wote wawili, majina ya wote wawili yakiwa pale, mjane hatasumbuliwa kesho kuonyesha kama nyumba ilitengenezwa na jasho lake.

Mwisho, tunza kopi nje ya nyumba. Mutarule inakumbuka mwezi wa sita 2014, na familia nyingi za bonde hili zimekimbia zaidi ya mara moja na kukuta nyumba imelowa ao imechomwa. Piga picha ya kila karatasi, tuma kwa mtu wa jamaa anayeishi mbali, na kopi moja ibaki kwa parokia, kanisa ao kwa mtu unayemuamini.

Kama mvua ingali inanyesha na pesa haijatosha, anza na isiyo na bei: fungua mfereji, elekeza maji mbali na ukuta, panga mawe chini ya bati. Kisha enda kwa chefu uulize karatasi. Fundi anakuja wa tatu.