Mkojo ukigeuka rangi baada ya kupimwa macho, usishtuke

MZEE mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari alirudi nyumbani kutoka kliniki ya macho, akaingia msalani jioni ile, na alichokiona kikamtia kiwewe. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, tena ulikuwa kama unang'aa. Alipojitazama kwenye kioo, ngozi ya uso ilikuwa imeingia umanjano. Alidhani ini limekwisha, au figo zimeanza kutoa damu. Aliwaambia watu wa nyumbani kwamba sindano aliyodungwa mkononi ilikuwa sumu, na akakata shauri kutokanyaga tena mlango wa kliniki hiyo.

Mimi ndiye niliyemtuma akapimwe, na mimi ndiye niliyesahau kumweleza yatakayofuata. Alikaa miezi saba bila matibabu ya macho. Aliporudi kwangu alikuja kwa sababu ya kikohozi. Nilimwomba afunike jicho la kushoto na kunisomea tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Akaniuliza, "Kalenda gani, daktari?"

Kwa hivyo msomaji, leo nataka nieleze sindano ile ni ya nini, kwa nini rangi fulani huchaguliwa wala si nyingine, na kwa nini kila rangi lazima iambatane na mwanga wake. Ni jambo linaloonekana kama la wanafizikia, lakini jicho la mzee yule lilipotea kwa sababu hakuna aliyelifafanua.

Anza na mambo unayoyaona kila siku. Jaketi za wahudumu wa bodaboda, zile za manjano yenye ukijani, hung'aa hata siku ya mawingu. Na ukimpa karani wa benki noti, huipitisha chini ya taa ya zambarau, na nyuzi ambazo hukuziona zikawaka. Katika mambo haya yote mawili, kitu kinapokea mwanga wa rangi moja na kutoa mwanga wa rangi nyingine. Kinachopokelewa kina nguvu zaidi. Kinachotolewa kina nguvu pungufu, kwa sababu sehemu yake imepotea njiani kama joto. Ndiyo maana zambarau au buluu huingia, na kijani, manjano au nyekundu hutoka.

Dawa aliyodungwa mzee wangu huitwa fluoresini. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1871 na Mjerumani Adolf von Baeyer, ambaye hakuwa akifikiria macho ya mtu yeyote. Ilichukua miaka 90 hadi vijana wawili waliokuwa wakisomea udaktari huko Indiana, Marekani, Harold Novotny na David Alvis, wachapishe mwaka 1961 njia ya kuidunga kwenye mshipa wa mkono na kupiga picha za damu ikipita ndani ya jicho. Jicho la kwanza la binadamu walilolipiga picha lilikuwa la Alvis mwenyewe. Njia hiyo ingali inatumika.

Mambo hufanyika hivi. Mboni hupanuliwa kwa matone. Muuguzi hudunga dawa hiyo, aghalabu mililita 5 za myeyusho wa asilimia 10. Baada ya sekunde 10 hadi 15 hivi, rangi huwa imekwisha kupita moyoni na mapafuni na kufika kwenye retina, ule utando ulio nyuma ya jicho unaopokea picha. Hapo mashine hummulika mgonjwa kwa mwanga wa buluu wenye mawimbi ya kama nanomita 490 (nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni), na fluoresini hujibu kwa kijani cha nanomita 520 hadi 530.

Kwa nini buluu hiyo? Kwa sababu ndiyo fluoresini huipokea vizuri zaidi. Ukiimulika kwa mwanga mwekundu wa kawaida haitajibu lolote, hata uongeze taa namna gani. Na kwa kuwa buluu inayoingia ni kali mno kuliko kijani hafifu kinachorudi, mbele ya kamera huwekwa kichujio kinachozuia buluu yote na kupitisha kijani peke yake. Bila kichujio, daktari asingeona kitu, kama vile huwezi kuiona nyota jua likiwa utosini.

Kinachotafutwa kwa mgonjwa wa kisukari ni mvujo. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huzichakaza kuta za mishipa midogo ya retina. Mingine huziba, mingine huvuja, na baadaye huchipuka mishipa mipya iliyo dhaifu, ambayo hupasuka na kujaza damu ndani ya jicho. Kiasi cha asilimia 80 ya fluoresini hushikamana na protini za damu. Iliyobaki huogelea huru, na mahali ukuta ulipoharibika hutoroka nje. Katika picha utaona mawingu meupe yakitanda dakika hadi dakika. Mtaalamu anajua hapo ndipo pa kupiga leza au kuamua kudunga dawa.

Sasa, fluoresini ina udhaifu wake. Buluu na kijani havipenyi mbali mwilini. Jaribu mwenyewe usiku: funika tochi ya simu kwa vidole. Mwanga unaotokea upande wa pili ni mwekundu tu, kwa sababu damu imezimeza buluu na kijani. Nyuma ya retina kuna tabaka lenye weusi, na nyuma yake tena kuna tabaka lililojaa mishipa ya damu, liitwalo koroidi. Ugonjwa ukiwa huko, fluoresini huonyesha ukungu tu.

Hapo huchaguliwa rangi nyingine, indosianini ya kijani. Iliruhusiwa kutumiwa kwa wagonjwa huko Marekani mwaka 1959, mwanzoni kwa kupima utendaji wa moyo na ini. Hii hupokea mwanga wa infraredi, ulio ng'ambo ya nyekundu na usioonekana kwa macho, wa karibu nanomita 800, na hujibu kwa nanomita 835 hivi. Mwanga wa namna hiyo hupita kwenye ule weusi na kwenye damu bila kumezwa sana. Isitoshe, asilimia 98 ya rangi hii hushikamana na protini, kwa hivyo haitoroki ovyo na mishipa huonekana imechorwa vizuri. Huondolewa na ini kupitia nyongo, nayo haigeuzi rangi ya mkojo. Ila mara nyingi ina madini ya ayodini kidogo, na mwenye mzio wa ayodini lazima aseme mapema.

Utaona basi kwamba hakuna rangi iliyo bora kuliko zote. Mtu akitaka kuona kinachovuja karibu, atachukua fluoresini na buluu. Akitaka kuona mishipa iliyojificha nyuma, atachukua indosianini na infraredi. Mara nyingine zote mbili hutumiwa siku hiyo hiyo.

Mzee wangu, baada ya kumweleza haya (na kumwomba radhi), aliniuliza swali ambalo nimelifikiria sana. "Daktari, kwa nini msitafute mwanga unaoweza kuona bila kunitia rangi?"

Jibu la kwanza ni kwamba upo. Siku hizi kuna mashine zinazotumia mwanga kupima unene wa tabaka za retina bila sindano yoyote, na zile mpya zaidi hata huchora mishipa kwa kufuata mwendo wa chembe za damu. Wagonjwa wengi ambao zamani wangedungwa rangi sasa hawadungwi. Lakini mashine hizo huonyesha damu inayotembea, haziuonyeshi mvujo wenyewe ukitokea. Kwa hiyo sindano haijastaafu.

Jibu la pili linatoka kwenye maabara za utafiti, nami naona ndilo la kusisimua zaidi. Mwaka 1931 mwanasayansi Maria Göppert-Mayer alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba kitu kinaweza kupokea chembe mbili za mwanga, yaani fotoni, kwa mpigo mmoja. Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Mchukuzi mmoja hawezi kuliinua gunia la viazi sokoni, lakini wawili wakilishika kwa sekunde ile ile, litainuka. Fotoni moja ya infraredi haina nguvu ya kuiamsha fluoresini. Mbili zikifika pamoja, nguvu zao hujumlishwa, nayo rangi hung'aa kijani kana kwamba imemulikwa kwa buluu.

Ugumu ni kuzifanya zifike pamoja. Ilibidi kungoja leza. Mwaka 1990 Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha hadubini inayofanya kazi hiyo kwa leza inayotoa mwanga kwa vipigo vifupi kupita kiasi. Fotoni husongamana vya kutosha pale tu mwanga unapokusanywa kuwa nukta. Juu ya nukta hiyo na chini yake, rangi hubaki imelala. Matokeo ni kwamba unaweza kutazama ndani ya ubongo wa panya aliye hai, nusu milimita na zaidi chini ya uso, ukaona damu iliyotiwa rangi ikipita kwenye mishipa, bila kuziunguza kwa mwanga tabaka zilizo juu.

Na hapa uchaguzi wa rangi huwa na mtego. Mtu angedhani kwamba, kwa kuwa fluoresini hutaka nanomita 490, basi fotoni mbili zinahitaji mara mbili yake, yaani 980. Sivyo. Fluoresini huitikia vizuri zaidi ikipewa mwanga wa kama nanomita 780 hadi 800. Protini ya kijani ing'aayo, iliyotokana na yavuyavu wa baharini na inayopendwa sana na watafiti, hutaka karibu 920. Rodamini, rangi nyekundu, hupokea vyema karibu 840 ingawa hesabu ya kuzidisha mara mbili ingekupeleka 1,100. Kanuni zinazoongoza fotoni mbili hazifanani kabisa na za moja, kwa hivyo kila rangi imebidi ipimwe peke yake. Tena kuna jambo la maji: mwili wetu ni maji kwa sehemu kubwa, na karibu na nanomita 980 maji huanza kuumeza mwanga na kupata joto. Mtafiti anayelazimisha leza yake kufika huko atapika kile alichotaka kukitazama.

Ndipo tunarudi kwa swali la mzee. Mwili una vitu vyake vinavyong'aa vyenyewe, na jicho linavyo zaidi, kwa mfano mazao ya vitamini A ambayo retina huyatumia kila tunapotazama. Vitu hivyo kwa kawaida huhitaji miale mikali ya zambarau au hata iliyo ng'ambo ya zambarau, ambayo lenzi ya jicho huizuia, na ni bora iizuie kwa sababu hudhuru. Lakini infraredi hupita. Mwaka 2022 watafiti, wakiwemo wa Poland, walichapisha picha za retina za watu walio hai zilizopigwa kwa fotoni mbili, bila kudunga rangi yoyote. Hiyo bado ni kazi ya utafiti, si kipimo utakachokikuta kliniki ukienda kesho, na kiasi cha leza kinachoruhusiwa kuingia katika jicho la mtu ni kidogo sana ukilinganisha na kile apewacho panya. Sipendi kumpa mgonjwa matumaini ya mashine asiyoweza kuifikia.

Kwa sasa, ukiambiwa utadungwa fluoresini, mweleze daktari kama una mimba au unanyonyesha, kama una pumu, mzio wowote au maradhi ya figo, na kama uliwahi kudhurika kwa kipimo hicho. Unaweza kuhisi kichefuchefu kwa dakika moja au mbili, hupita. Ukihisi maumivu makali mahali pa sindano, sema papo hapo, maana huenda dawa imetoka nje ya mshipa. Mwasho, vipele au kukosa pumzi ni mambo ya kumwita muuguzi bila kungoja. Madhara makubwa ni nadra: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulikadiria kifo 1 katika vipimo 222,000. Mwenye kisukari asiyetibiwa macho yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupofuka.

Ngozi yako itakuwa na umanjano kwa saa kadhaa. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa kwa siku moja hadi siku moja na nusu, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa dawa hiyo, na mwenye figo dhaifu atachukua muda zaidi. Kunywa maji. Ukipimwa damu siku hiyo, wajulishe watu wa maabara, kwani rangi hiyo yaweza kuvuruga baadhi ya vipimo.

Mzee alikubali kudungwa tena. Safari hii nilimwandikia kwa herufi kubwa, kwenye karatasi ya dawa, MKOJO UTAKUWA WA MACHUNGWA HADI KESHO KUTWA, SI DAMU, na mkewe akaitia mkobani. Picha zilionyesha mishipa inayovuja katika jicho la kushoto, wakampiga leza, na kwa jicho hilo bado anasoma gazeti. Kwa la kulia anatambua mkono ukipungwa mbele yake, basi.