VISIKIZI VYA BEI NAFUU: WAYA NDIO HUFA KWANZA



Siku hizi simu ndiyo redio yetu, na mara nyingi ndiyo darasa letu pia. Wako wanaosikiliza vipindi vya kilimo, wako wanaosikiliza masomo yaliyorekodiwa, na wazee wenye macho dhaifu husomewa Neno la Mungu humo humo ndani ya simu. Ili kusikia vizuri bila kusumbua wengine, wengi hununua vile vidude viwili vya kuingiza masikioni, vyenye waya mrefu na plagi ya kuchomeka kwenye simu. Hapa tutaviita visikizi.

Malalamiko tunayoyasikia vijijini ni yale yale: "Nilinunua mwezi jana tu, sasa upande mmoja umenyamaza." Wengi hudhani ni bahati mbaya. Sisi tunasema si bahati. Visikizi vina mahali pake pa kufia, na mahali hapo panajulikana. Anayepajua ataweza kuchagua vizuri, kutunza, na hata kutengeneza.

Tena jambo hili si dogo kwa kikundi. Kikundi kimoja cha vijana kilikopa kutoka mfuko wa chama, kikanunua visikizi dazeni kadhaa kwa bei ya jumla ili kiviuze siku ya soko. Viliuzwa vyote, lakini baada ya wiki chache wateja wakarudi navyo wakidai pesa zao. Mkopo ukachelewa kulipwa, na baadhi ya wanachama wakaanza kunong'ona ati vijana wamekula pesa. Hakuna aliyekula kitu. Fundi wa redio alipopasua waya wa kimoja, alikuta nyuzi chache za shaba, nyembamba kama nywele, zimekatika pale pale waya unapoingia kwenye plagi. Hasara ilikuwa imenunuliwa pamoja na mali, siku ile ile ya kwanza. Laiti wangejua kupima, wasingeshukiana.

NDANI MNA NINI?

Kila upande wa kisikizi una spika ndogo sana. Ndani yake mna sumaku, koili ya waya mwembamba, na ngozi nyepesi ya plastiki. Umeme kutoka kwa simu ukipita kwenye koili, koili husukumwa na sumaku mbele na nyuma, ngozi hutikisika, nasi tunasikia sauti. Spika hii haifanyi kazi ngumu. Isipoingia maji wala kukanyagwa, inaweza kudumu miaka mingi.

Mwenye kazi ngumu ni waya. Ndani ya ganda lake la plastiki mna nyuzi za shaba, na mara nyingi zimesokotwa pamoja na uzi wa nailoni ili zisikatike zikivutwa. Shaba ni laini, lakini ukiikunja mahali pamoja mara nyingi huchoka na kukatika, kama vile waya wa ua unavyokatika ukiukunja huku na huku kwa mkono. Nyuzi hukatika mmoja baada ya mwingine. Ndiyo sababu sauti huanza kwa kukwaruza, halafu hupotea na kurudi ukichezea waya, mwishowe upande mmoja hunyamaza kabisa.

Mahali pa kukatika ni patatu: kwenye plagi, pale waya unapogawanyika kwenda masikio mawili, na pale unapoingia kwenye kisikizi chenyewe. Hapo ndipo kitu laini kinapokutana na kitu kigumu, na mkunjo wote huishia hapo.

JINSI WAYA ULIVYOBADILIKA

Plagi tunayoitumia ina asili ya zamani sana. Plagi kubwa ya namna hii ilitumika karne ya 19 na wafanyakazi waliounganisha simu kwa mkono. Ile ndogo ya milimita 3.5 ilikuja na redio ndogo za transista, na ikaenea zaidi Sony ilipotoa Walkman mwaka wa 1979. Tangu hapo watengenezaji wamejaribu mbinu nyingi ili waya usife upesi. Kila mbinu ina faida yake na udhaifu wake.

Ya kwanza ni shingo ya raba. Ni kile kipande laini chenye mikato mikato kinachotoka kwenye plagi. Kazi yake ni kutawanya mkunjo, usikae mahali pamoja. Lakini shingo ikiwa ngumu kama plagi yenyewe haisaidii kitu. Ni pambo tu.

Ya pili ni plagi iliyopinda kama herufi L. Simu ikiwa mfukoni, plagi iliyonyooka husukumwa upande na kukunja waya. Iliyopinda hulala kando ya simu. Ubaya wake ni kwamba simu yenye kava nene huweza kuizuia isiingie mpaka mwisho.

Ya tatu ni waya bapa, mfano wa tambi pana. Huu haujisokoti ovyo ukiwa mfukoni. Lakini ukisugua nguo huleta kelele masikioni, na haupendi kukunjwa upande wa ubapa wake.

Ya nne ni waya wa kufumwa kwa kitambaa, kama kamba ya kiatu. Unaonekana imara, na wauzaji huusifu sana. Kitambaa huzuia kukwaruzwa kwa nje, lakini hakiongezi hata uzi mmoja wa shaba ndani. Pia hunywa jasho, na baada ya muda huanza kufumuka. Usinunue kwa sababu ya kitambaa peke yake.

Ya tano ndiyo badiliko kubwa zaidi: waya unaochomoka kwenye kisikizi. Ukikatika, unanunua waya mpya na kuendelea na visikizi vile vile. Zamani hii ilikuwa mali ya wanamuziki wa jukwaani na watu wenye uwezo. Mwaka wa 2011 kampuni ya Shure ya Marekani ilitoa kisikizi cha SE215 chenye waya wa namna hiyo, kwa karibu dola 100. Kampuni za China zikaifikisha mbinu hiyo kwa watu wa kawaida. KZ, kwa mfano, ilitoa ZST mwaka wa 2016 ikiwa na waya wa kuchomoka kwa bei ya chini sana kuliko hiyo.

Hata hivyo, waya wa kuchomoka umeleta mahali papya pa kufia, yaani kiungo chenyewe. Aina moja ina pini mbili nyembamba zisizofika milimita moja kwa unene. Ukizichomeka kwa pupa hupinda au hupanua tundu. Aina nyingine ni ya duara, hubofyeka na kuzunguka. Ukiichomoa kila siku hulegea. Tena maumbo hayalingani. Hata kampuni moja huweza kutumia umbo hili katika kisikizi kimoja na umbo lingine katika kingine. Kwa hivyo ukienda kununua waya mpya, beba kisikizi chako. Na usiuchomoe bila sababu.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

Mwuzaji mwaminifu hatakukataza kupima. Fanya hivi:

1. Chomeka kwenye simu yako mwenyewe, si ya mwuzaji. Cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza. Masikio yote mawili yasikie sawa.

2. Sauti ikiendelea, zungusha plagi polepole, kisha tikisa waya pale mahali patatu tulipotaja. Ukisikia mkwaruzo hata mara moja, rudisha.

3. Kunja shingo ya raba kwa kidole. Ikunjike kwa duara, isivunjike kwa pembe.

4. Angalia mshono wa ganda la kisikizi. Ukiona ufa au gundi iliyomwagika, jua kazi ilifanywa kwa haraka.

5. Angalia mipira ya kuingia sikioni. Afadhali pakiti iwe na saizi tatu. Mpira usiokutosha huingiza kelele za nje, nawe unalazimika kuongeza sauti.

6. Piga simu na umwulize wa upande wa pili kama anakusikia. Plagi yenye mistari mitatu ina maikrofoni, yenye mistari miwili haina. Ukisikia ngoma vizuri lakini sauti ya mwimbaji imezama mbali, pengine plagi imepangwa kwa mpango wa simu za zamani usiolingana na simu yako.

7. Hakikisha simu yako ina tundu la duara. Apple iliondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka wa 2016, na kampuni nyingi zimefuata katika simu za bei ya juu.

Kikundi kinachonunua kwa jumla kisichukue dazeni nzima mara moja. Nunueni viwili, mvitumie mwezi mmoja, pasueni plagi ya kimoja mwone shaba iliyomo. Kisha mwandikiane na mwuzaji ni siku ngapi atakubali kurudishiwa.

KUTUNZA

Shika plagi unapochomoa, usivute waya. Usizungushie waya kwenye simu, kwa maana hapo unaukunja mahali pale pale kila siku. Uviringishe kwa duara kubwa la vidole vinne, uuweke ndani ya kopo dogo au kiboksi. Usilale navyo masikioni. Panguza jasho, na safisha mipira kwa maji na sabuni baada ya kuitoa. Kisikizi chenyewe usikitie majini. Na kila mtu awe na mipira yake, kwani uchafu wa sikio na magonjwa yake huambukizana.

KUTENGENEZA

Plagi iliyokufa si mwisho wa visikizi. Kijana mwenye chuma cha kulehemu, solda, plagi mpya na mita ya fundi anaweza kuvifufua. Kata waya sentimita mbili au tatu juu ya mahali palipokatika. Ingiza kifuniko cha plagi kwenye waya kwanza, maana ukisahau itabidi ubandue kazi yote. Nyuzi za shaba zimepakwa rangi ili umeme usivuke kutoka uzi mmoja hadi mwingine, na rangi hiyo haishiki solda. Ichome kwa solda ya moto au iparue taratibu mpaka shaba ing'ae.

Kwa kawaida uzi mwekundu ni wa kulia, wa kijani au buluu ni wa kushoto, na wa rangi ya shaba ni wa kurudisha umeme. Lakini rangi hizi si sheria, kwa hivyo pima kwa mita. Kwenye plagi, ncha ni ya kushoto na pete inayofuata ni ya kulia. Plagi isiyo na maikrofoni, sehemu ya mwisho ndiyo ya kurudisha umeme. Ukimaliza, funga waya kwa kibano cha plagi ili ukivutwa solda isibebe mzigo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme visikizi vya shilingi 100 hufa kila baada ya miezi miwili. Kwa mwaka umetoa shilingi 600. Tuseme vya shilingi 400 vimedumu mwaka mzima, na ulimlipa fundi shilingi 100 kubadilisha plagi mara moja. Umetoa 500, na hiyo 100 imebaki hapa hapa kijijini mwenu, mfukoni mwa kijana wenu.

NENO LA MWISHO KUHUSU MASIKIO

Waya hununuliwa, sikio halinunuliwi. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima asizidishe sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Sauti ikizidi, saa zipungue sana. Kipimo cha nyumbani ni hiki: aliye karibu nawe akiisikia sauti inayotoka masikioni mwako, umezidisha. Na wanaoendesha bodaboda au kuvuka barabara, tafadhali, masikio yawe wazi.

Pesa ya kikundi ni amana. Kuipima mali kabla ya kuinunua ni njia mojawapo ya kulinda pesa hiyo, na pia ya kulinda jina jema la wale tuliowatuma sokoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni vitu gani vingine tunavinunua rahisi na kuvitupa kila baada ya miezi michache? Kwa mwaka vimetugharimu kiasi gani?

2. Mali ya kikundi ikiharibika, tunachunguza sababu kwanza au tunatafuta wa kulaumu?

3. Ni kijana gani kati yetu anayeweza kujifunza kulehemu, na mfuko wetu unaweza kumsaidiaje kupata vifaa?