Kanuni Iliyo Nyuma ya Faili la Mjane

Msaada wa kisheria katika kata ya Bangwe, ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kama ilivyo kwingineko Tanzania, huanza na mtu mmoja mwenye shida moja, na mara nyingi mtu huyo ni mjane aliyeambiwa na shemeji zake aondoke katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu wasio mawakili waliopewa mafunzo ya kuelimisha, kushauri na kuelekeza wananchi bila kuwawakilisha mahakamani, nao ndio hupokea malalamiko hayo kabla wakili hajayaona. Kazi hiyo ina thamani kubwa, lakini ina mpaka wake, kwa kuwa mjane huyo akishinda leo, kanuni iliyompa shemeji ujasiri wa kumfukuza hubaki palepale ikimsubiri mwenzake.

Ndipo linapohitajika shauri la kimkakati, yaani shauri la mtu mwenye dai lake la kweli, lililoandaliwa ili hukumu yake ibadili sheria au desturi inayowaumiza wengi. Njia yake ilifunguliwa Haki za Msingi zilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na utaratibu wake ukawekwa na sheria ya mwaka 1994. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliibana njia hiyo kwa kumtaka mleta maombi aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, na tangu hapo wakili makini amejifunza kutoingia mahakamani na hoja tupu isiyo na mtu.

Kwa wakili anayeandaliwa kwa mashauri ya namna hiyo, mfano unaostahili kufundishwa kwanza ulitoka Kagera. Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988, na mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi akidai kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mgogoro huo wa kifamilia ulianzia mahakama ya mwanzo, ukafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kuwa kanuni hiyo ya kimila inapingana na Katiba. Holaria hakukusudia kubadili sheria ya nchi. Alikuwa akijitetea tu, na faili la namna hiyo lingeweza kupita mikononi mwa wakili asiyefundishwa likaonekana kuwa ugomvi wa shamba na si zaidi.

Mfano wa pili unauma. Wajane wawili kutoka Shinyanga, wakisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, walipinga kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo kwazo mjane hapati fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, naye huachiwa atunzwe na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa sababu ya kasoro katika amri ya Mahakama Kuu iliyoambatanishwa, bila hoja ya haki kuguswa. Walilazimika kwenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, iliyowapa ushindi mwaka 2015. Ni uchungu usiosahaulika kwamba miaka ya kusubiri haki ilikwama kwenye karatasi, na kwa hiyo mafunzo yoyote yenye maana lazima yamketishe wakili mezani akague tarehe, saini na mihuri ya kila nakala kabla haijasajiliwa.

Kushinda nako si mwisho. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mahakama ya Rufani iliunga mkono hukumu hiyo mwezi Oktoba 2019, lakini miaka mitatu baadaye vifungu hivyo vilikuwa bado katika kitabu cha sheria.

Bangwe ina ugumu wake. Mirathi ya Mwislamu wa Ujiji huweza kuangukia sheria ya Kiislamu, inayompa mjane mwenye watoto fungu moja kati ya manane, ilhali jirani yake huweza kuhukumiwa kwa mila za ukoo wa kuumeni, hivyo wakili asiyeuliza kwanza ni sheria ipi inayohusika atapinga kanuni isiyomgusa mteja wake. Jibu mara nyingi limo katika muhtasari wa kikao cha ukoo, karatasi ambayo mahakama za mwanzo kwa kawaida huitaka kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi, na ambayo jina la mjane linaweza kukosekana kati ya waliosaini. Msaidizi wa kisheria aliyefundishwa kutunza nakala yake, na kuandika katika daftari si jina na shida pekee bali pia kanuni iliyotajwa kikaoni, humwezesha wakili atakayelifungua daftari hilo baada ya miaka miwili kuona wajane wangapi wa kata hiyohiyo walitolewa nyumbani kwa maneno yaleyale.