Mjusi na Mkono wa Binadamu

Giza linapoingia Hale, wilayani Korogwe, taa za kuta na baraza huwavuta wadudu, na wadudu humvuta mjusi kafiri. Kila mwanafunzi amekwisha kumwona mnyama huyu, lakini ni wachache waliomchunguza. Wengi humpiga kwa ufagio, wakidhani kuwa ana sumu. Kwa kweli hana sumu yoyote.

Katika nchi za Ulaya na Marekani watu hufuga majumbani ndugu yake wa mbali, ambaye kwa madoa yake tunaweza kumwita mjusi-chui. Asili yake ni sehemu kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi ya India. Mjusi-chui mchanga humwogopa mtu. Woga huo una sababu: kwa mnyama mdogo, kitu kikubwa kinachomshukia kutoka juu ni ndege au paka. Basi mfugaji mwangalifu kwanza humwacha siku kadhaa ayazoee makazi mapya. Kisha hulaza kiganja chini, bila kukitikisa, akamngoja apande kwa hiari yake. Baada ya dakika chache humrudisha. Mjusi akikaribiwa mara nyingi bila kudhurika, woga hupungua. Mafunzo ya namna hii huitwa mazoea.

Haraka ina hasara. Mjusi akikamatwa kwa nguvu huweza kuuacha mkia wake, ambao hukatika penye sehemu dhaifu za uti wa mgongo na kuendelea kurukaruka ili kumshughulisha adui. Mkia mwingine huota, lakini ndani yake huwa na gegedu badala ya mfupa. Tena mkia ni ghala la mafuta; mjusi mchanga aliyeupoteza amepoteza akiba ya kumkuza.

Je, tumshike mjusi kafiri vivyo hivyo? La. Mjusi-chui ana kope zinazofumba, huishi ardhini, na nyayo zake hazinati. Kwa hiyo hutulia kiganjani. Mjusi kafiri hana kope hizo, ni mwepisi mno, na vidole vyake vina vinyweleo vidogo sana vinavyomwezesha kushikamana na ukuta bila gundi. Kumbandua kwa nguvu ni kumwumiza. Hata hivyo, mazoea yake yaweza kupimwa bila kumgusa.

Chagueni mjusi mdogo anayewinda penye taa moja kila jioni, mkimtambua kwa madoa au mkia wake. Kwa muda wa wiki mbili, saa ile ile, mwanafunzi mmoja amsogelee polepole kutoka ubavuni. Mara mjusi akimbiapo, mwanafunzi asimame, na mwenzake apime umbali kutoka hapo hadi mahali mjusi alipokuwa. Andikeni sentimita za kila siku, kisha mchore grafu. Umbali ukipungua siku baada ya siku, mjusi ameanza kuzoea.

Siku ya 15, mwanafunzi mwingine amsogelee kwa mwendo ule ule; siku ya 16, yule wa kwanza amwendee kwa haraka. Linganisheni vipimo hivyo na vya awali, kisha mjadili darasani: je, mjusi amemzoea mtu, au ameuzoea mwendo?

Yeyote atakayemgusa mjusi au kinyesi chake anawe mikono kwa sabuni, kwani watambaazi huweza kubeba bakteria wa salmonela.