Kodiani ya mtumba ikikwama sauti, weka mafuta mbali

Juzi nilipanda Nakuru kwa shughuli ya kifamilia nikarudi Mombasa na kodiani ya mtumba mapajani. Utingo alitaka aitie kwenye buti la basi, nikakataa katakata. Sababu utaiona mbele.

Sisi watu wa Pwani tunaijua kodiani kwa taarab. Kule Zanzibar, kwa Ikhwani Safaa walioanza 1905 au kwa Culture Musical Club, utaikuta pembeni mwa fidla na ganuni. Lakini nchi ya Wakikuyu na katika miji ya Bonde la Ufa, ala hiyo hiyo ndiyo inayobeba mwomboko, ngoma iliyoshamiri miaka ya 1940, ikisindikizwa na karing'aring'a, lile duara la chuma linalogongwa. Kwa hiyo ukitafuta kodiani kuukuu nchini Kenya, usishangae ukielekezwa bara.

Niliyeuziwa naye ni mzee wa Nakuru aliyeipiga tangu ujana. Vidole vimekaza, na wanawe hawaitaki. Bei ilikuwa ya kutupa kwa sababu mbili: sauti moja ililia yenyewe bila kuguswa, na nyingine ilikuwa bubu.

Nikasita. Marehemu ami yangu alikuwa na kodiani iliyokwama sauti moja tu. Akaipeleka kwa fundi wa redio, fundi akapuliza mafuta ndani. Ikapona siku mbili, kisha sauti zikaanza kufa moja moja hadi ikanyamaza kabisa. Ami aliiweka juu ya kabati miaka yote iliyobaki, na hakuipiga tena. Nilipomsimulia mzee, alitikisa kichwa. "Sikiliza kwanza, kijana wangu. Bisibisi baadaye." Akanifundisha palepale barazani kwake, nami nakupa kama nilivyopewa.

Fahamu kwanza inavyofanya kazi. Mvukuto unasukuma na kuvuta hewa. Ukibonyeza kibao, kifuniko kidogo chenye ngozi kinainuka na hewa inapita kwenye ulimi mwembamba wa chuma, ambao hutetemeka na kutoa sauti. Kila sauti ina ndimi mbili kwenye bamba moja: wa kusukuma na wa kuvuta. Mabamba hayo kwa kawaida hugandishwa kwa nta ya nyuki.

Sasa pima. Legeza mikanda ya mvukuto, usiguse kibao chochote, vuta polepole. Ikilia yenyewe, kuna kifuniko ambacho hakijaziba. Kosa liko juu, kwenye vibao. Lakini ukibonyeza kibao, hewa ikapita na sauti isitoke, ulimi ndio umekwama. Kosa liko ndani. Na ikilia ukivuta lakini ikanyamaza ukisukuma, basi ulimi mmoja tu ndio mgonjwa.

Kwa inayolia yenyewe, fungua skurubu za kava ya mbele. Tazama kibao kilichobaki chini kuliko wenzake. Kinasuguana na jirani yake? Springi imechomoka? Ngozi ya kifuniko imebanduka? Husemwa kwamba jina la Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mimi naamini, kwa sababu yetu ilikuwa na kijiti cha nyasi kavu chini ya kifuniko, kimezungukwa na vumbi lililoganda. Kilitolewa kwa kibanio cha nyusi na brashi kavu. Dakika tano, kimya.

Kwa iliyo bubu, lazima utenganishe mvukuto. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu. Chomoa vipini vya pembeni kwa koleo lililozungushiwa kitambaa, uvipange kwa mfuatano wake. Ndani utaona safu za mbao zenye mabamba ya ndimi. Ulimi unaouona upande wako ndio wa kusukuma. Wa kuvuta umejificha upande wa pili, ndani ya kijumba chake, na huo ni mgumu kuufikia. Yetu ilinyamaza kwenye kusukuma, Alhamdulillahi. Mzee alichukua ukanda wa karatasi nyembamba, akaupitisha taratibu kati ya ulimi na bamba, kikadondoka kipande cha kutu kidogo kuliko punje ya ufuta. Akauinua ulimi kidogo kwa ncha ya sindano, akauachia. Ukalia.

Usiukwaruze ulimi kwa kisu wala msasa. Ukipunguza chuma nchani, sauti inapanda. Ukipunguza kwenye shina, inashuka. Utaondoa kutu uharibu tuni.

Na mafuta? Hapana, hata tone. Mafuta hukusanya vumbi, huharibu ngozi na hulegeza nta. Hicho ndicho kilichoiua kodiani ya ami yangu, na fundi yule hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu.

Nta yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, na hulegea kabla ya kufika hapo. Gari lililofungwa juani au buti lililo karibu na injini si mahali pake. Ndiyo maana nikaipakata. Na huku kwetu ongeza chumvi ya bahari, ambayo hulisha kutu ndimi za chuma. Iweke ndani ya kasha lake, mbali na dirisha.

Vitufe vya besi vikitumbukia ndani, usivichokoe. Fito zake zimepangwa kama nyuzi za mkeka, ukikosea moja umeharibu zote. Hapo mtafute anayejua.

Kodiani ile sasa iko kwa mjukuu wa ami yangu, anajifunza. Ile ya babu yake bado iko juu ya kabati. Tumeifungua wiki hii, nta imelegea, ngozi zimekakamaa, lakini ndimi nyingi ni nzima. Huenda ikapona, inshallah. Nawe kama unayo chini ya kitanda, kabla hujamuuzia mnunua vyuma chakavu, ifungue uitazame. Pengine kilichoinyamazisha ni kijiti cha nyasi.