Riwaya ya Bwera na wasomaji 290

Riwaya ya kurasa 208 ina uzito wa gramu 280 hivi. Nakala 1,000 ni kilo 280, na zikitoka kwa mchapaji wa Kampala husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Bwera, wilayani Kasese, mpakani mwa Uganda na Kongo. Sisi tunaoandika riwaya huku mpakani huulizwa kwa nini kitabu chembamba namna hiyo kiuzwe shilingi 25,000, na kwa nini mwandishi wake bado analima. Maswali yote mawili yanajibiwa na hesabu moja, na kila mwandishi anapaswa kuipiga kabla hajatoa hela yake.

Karatasi

Kurasa 208 si idadi ya kubahatisha. Katika mashine ya ofseti inayopokea karatasi ya ukubwa wa A2, karatasi moja hubeba kurasa 16 za A5, nane kila upande. Karatasi 13 hutoa kurasa 208, na kwa kuwa kila upande unataka bamba lake la kuchapia, mabamba yanafika 26. Nakala 1,000 hula rimu 26 za karatasi, bila kuhesabu jalada wala zinazoharibika. Mswada ukizidi kurasa tatu tu, mchapaji analazimika kuanza karatasi nyingine kwa kila nakala. Kufyeka sura inayojikokota ni kazi ya sanaa, na pia ni kuokoa fedha.

Kurasa hizo hubeba maneno kama 60,000. Anayeandika maneno 500 kila siku, bila kukosa hata siku moja, hupata rasimu ya kwanza baada ya siku 120. Kuandika upya, kuhariri na kusubiri kukiingia, miaka miwili ni muda wa kawaida kabisa.

Idadi ya nakala

Wachapaji hawalingani bei, kwa hiyo natumia tarakimu za mfano ambazo kila mtu anaweza kuzibadilisha kwa zake. Tuseme uhariri, upangaji wa kurasa, jalada na mabamba vinagharimu shilingi 4,000,000. Fedha hiyo hulipwa ikichapwa nakala moja au elfu tatu. Tuseme pia kwamba karatasi, wino na kujalidi ni shilingi 6,000 kwa kila nakala. Gharama ya nakala moja inakuwa hivi:

- Zikichapwa 200: shilingi 26,000
- Zikichapwa 500: shilingi 14,000
- Zikichapwa 1,000: shilingi 10,000
- Zikichapwa 3,000: shilingi 7,333

Anayechapa 200 na kuuza kwa 25,000 amekwisha kupata hasara kabla kitabu hakijapanda gari. Orodha hii ndiyo huwavuta waandishi wengi kwenye nakala 1,000 au 3,000, kwa kuwa unafuu wa kila nakala unaonekana wazi. Lakini mchapaji hudai jumla ya fedha, na nakala 3,000 ni shilingi milioni 22 ambazo lazima zipatikane kwanza.

Njia ya kuuzia

Tuongeze shilingi 500 za usafiri kwa kila nakala. Nakala 1,000 zikifika Bwera zimegharimu shilingi 10,500,000. Duka la vitabu likichukua asilimia 35 ya bei, mwandishi hubaki na 16,250 kwa kila nakala, hivyo anahitaji kuuza 647 ili arudishe mtaji. Zikiisha zote, faida ni shilingi 5,750,000. Gawanya kwa miezi 24 ya kazi: hazifiki 240,000 kwa mwezi. Na kama kitabu kingetolewa na kampuni inayomlipa mwandishi mrabaha wa asilimia 10 ya bei, nakala hizo 1,000 zingempa shilingi 2,500,000, ingawa hapo asingebeba hatari ya mtaji.

Sasa tazama nakala 500 zinazouzwa mkono kwa mkono, bila duka. Gharama yake yote pamoja na usafiri ni shilingi 7,250,000. Mtaji unarudi baada ya nakala 290, na zikiisha zote faida ni 5,250,000, karibu sawa na ile ya nakala 1,000 za dukani, kwa mtaji uliopungua shilingi 3,250,000. Nusu ya vitabu imeleta karibu faida ileile kwa sababu mwandishi aliwajua wanunuzi wake. Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa la hesabu hii yote: kinachopunguza gharama ya riwaya mahali kama Bwera ni kumfahamu msomaji kabla mashine haijawashwa.

Wapenzi wa vitabu wanatoka wapi

Watu 290 si wengi. Sensa ya mwaka 2014 iliikuta wilaya ya Kasese na watu karibu 695,000, kwa hiyo tunatafuta mtu mmoja katika kila 2,400. Waandishi wa Tanzania walituonyesha njia. Elvis Musiba alimleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na msomaji aliyempenda hapo alikuwa tayari mteja wa Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Ben Mtobwa, aliyemuumba Joram Kiango, alianzisha hata kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Mhusika anayependwa hufanya kazi ambayo matangazo hayaiwezi: kitabu cha pili huanza na wasomaji wanaokingoja.

Tuzo nazo zina nafasi yake. Mswada wa riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda, ulishinda shindano la miswada la wachapishaji wa Kwani? mwaka 2013, na kitabu kikatolewa Nairobi mwaka 2014. Mwaka 2018 alipata tuzo ya Windham-Campbell ya dola 165,000. Kwa kiwango cha shilingi 3,700 kwa dola, hizo ni zaidi ya milioni 610, faida ya zaidi ya matoleo 100 ya nakala 1,000 kama yale ya mfano wetu. Tunajivunia ushindi huo kwa haki. Lakini hakuna anayeweza kupanga bajeti ya kitabu chake juu ya tuzo, ilhali majina 290 kila mwandishi anaweza kuyatafuta.

Bwera ina fursa ambayo miji mingi ya Uganda haina. Soko la Mpondwe hujaa Jumanne na Ijumaa, na ng'ambo ya mpaka ni Kasindi, kisha barabara ya Beni na Butembo. Lhukonzo ya huku na Kinande cha kule vinasikilizana, na biashara kati yetu na Wakongo huendeshwa sana kwa Kiswahili. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Riwaya ya Kiswahili yenye thamani ya dola saba kasoro inaweza kuuzwa pande zote mbili za mpaka bila kutafsiriwa.

Kuna hatari ya fotokopi pia. Kurasa 208 zikinakiliwa mbili mbili ni pande 104. Kwa shilingi 100 kila upande, nakala ya wizi ni 10,400, zaidi kidogo ya gharama yetu ya kila nakala tukichapa 1,000. Mwandishi akimwondoa mtu wa kati na kushusha bei hadi 18,000, bado mtaji wa nakala 500 unarudi kwa nakala 403, na mtu anayetamani kitabu halisi hupungukiwa sababu ya kwenda kunakili.

Ushauri wangu kwa waandishi wa Kasese ni kusoma sura mashuleni, makanisani na misikitini wakati mswada bado unaandikwa, kuandika majina ya wanaotaka kitabu, na kupokea malipo yao mapema kwa risiti. Wasiende kwa mchapaji kabla majina hayajafika 290. Na kwa wasomaji: mnapoazimana nakala moja watu watano, mwandishi hufurahi kusomwa, lakini hesabu yake haisogei. Kila anayelipa kabla mashine haijawashwa hupunguza pengo kwa mtu mmoja, na huwa miongoni mwa waliofanya kitabu hicho kiwepo.